Kadi Tulizoulizwa Igawa

Ligi ya daraja la pili ilibakiza mechi moja, yetu na Iringa, nayo ilikwisha ahirishwa mara mbili. Watu walikuwa wakidai uhuru, na serikali ya mkoloni ikapiga marufuku mikusanyiko. Safari ya tatu kibali kikatoka, pamoja na onyo: tusipofika uwanjani Jumamosi, timu inafutwa. Mimi nilikuwa katibu wa timu, ikabidi niende nao.

Ijumaa alfajiri tuliondoka Mbeya, wachezaji kumi na mmoja na mimi, juu ya magunia ya viazi kwenye lori. Baridi ya kukata masikio! Golikipa wetu, Ambakisye, alikaa kimya, wala si kawaida yake. Alikuwa karani wa boma, na karani akikutwa na mambo ya siasa, kazi hana.

Igawa, saa nne. Askari wameziba barabara, bunduki mkononi. Sajini akauliza, "Mna kadi?"

Nami bila hata kumeza mate: "Tunazo, afande! Kila mmoja anayo. Mimi ndiye katibu wao."

Lahaula! Kumbe siku zile kwa askari kadi ni ya chama tu, na katibu ndiye mchochezi mwenyewe.

"Wote chini! Mikono juu!"

"Afande, kadi za ligi! Za mpira!"

"Tutaona."

Wakatupekua mfuko kwa mfuko. Wachezaji kumi walikutwa na kadi moja moja. Ambakisye alikutwa na mbili. Laiti ningenyamaza, nani angempekua? Nilitamani ardhi inimeze.

"Nendeni, katibu," alisema huku wakimfunga pingu. "Msije mkafutwa."

Iringa tulifika jioni. Nahodha wao akatupokea, "Kamwene, wageni! Golikipa yuko wapi?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Huku hata harusi inaombewa kibali, ndugu yangu. Karibuni mle."

Jumamosi nilisimama golini mwenyewe. Askari walizunguka uwanja, na watazamaji walikatazwa kushangilia. Tukatoka sare, bao moja kwa moja, tukabaki kwenye ligi. Hakuna aliyeruka.

Jumapili, tukirudi, niliulizia habari zake Igawa. "Wamemchukua," askari mmoja akajibu.

Mbeya tuliingia jua bado lipo. Nikaenda moja kwa moja kwa Ambakisye. Mkewe alikuwa mlangoni akimenya ndizi, akacheka kuniona.

"Haya shemeji, mmefungwa?"

"Sisi hatukufungwa," nikasema.

Kisu kikasimama. "Ninyi hamkufungwa. Na mume wangu?"

Nikamweleza yote, hata nilivyojibu mimi. Tangu siku hiyo askari akiniuliza kadi, nauliza kwanza kadi gani. Nimejifunza mimi, kazi kapoteza Ambakisye.