Kijana wangu anachanganya sindano mbili na mimi siruhusiwi kuuliza

Admin, asante kwa kunificha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, natoka huku Tigania. Shule niliachia darasa la nne kwa hivyo nikikosea kuandika mnisamehe. Nimechoka, na hapa kijijini siwezi kumwambia mtu.

Nina kijana mmoja, nitamwita Kirimi. Ana miaka ishirini na tatu. Alitahiriwa pamoja na wenzake vizuri, lakini wenzake wakaota ndevu, sauti zikawa nzito, yeye akabaki na sauti ya msichana. Wakienda kuchuma miraa walikuwa wanamuuliza, wewe ulitahiriwa ama ulienda tu kutuangalia? Anacheka nao, halafu akifika nyumbani hali chakula.

Kwetu kijana akishatahiriwa ana nyumba yake, na mama haingii. Mambo ya mwili wake hauulizi. Ukiwa na neno unapitia kwa mwanaume aliyemsimamia wakati wa kutahiriwa. Wake ni binamu ya marehemu mume wangu, nitamwita Mutuma. Nikamwomba Mutuma ampeleke hospitali, na kwa hilo namshukuru, alimpeleka. Daktari akapata kwamba mwili wake hautengenezi ile homoni ya kiume. Akasema atakuwa anadungwa sindano maisha yake yote.

Ya kwanza ilikuwa ya kila wiki tatu. Sauti ikashuka, ndevu zikaja, nikashukuru Mungu. Lakini hiyo sindano ilikuwa inamsumbua. Akitoka kudungwa, siku za kwanza ni moto. Analima mpaka jioni, anaimba, anagombana na kila mtu hata na mbuzi. Wiki ya tatu ikifika analala tu, ukimsemesha macho yanajaa machozi. Mimi nilikuwa najua sindano imefika wapi kwa vile anavyofunga mlango wa jiko.

Daktari akambadilishia. Siku hiyo niliitwa ndani. Nikamuuliza kama hii ni dawa nyingine. Akanieleza polepole kwamba homoni ni ileile, ila imetengenezwa tofauti, ile ya kwanza inaingia yote kwa damu na kuisha haraka, na hii mpya inaingia kidogo kidogo kwa karibu miezi mitatu. Mimi nilielewa kama mche wa miraa. Unaweza kuumwagia ndoo nzima leo halafu ukauke ukingoja, ama unauwekea mtungi uliotobolewa tundu dogo. Maji ni yaleyale.

Na kweli kijana akatulia. Alikuwa anakuja kwa jiko, anakaa na mimi anamenya ndizi, tunaongea. Ilikuwa miezi mizuri sana.

Halafu majuzi kuku wakachakura shimo la takataka, nikaona vichupa vidogo vya glasi vimevunjwa shingo. Nikavitambua, ni vya ile sindano ya zamani ya wiki tatu. Nikampikia Mutuma chai, nikamuuliza. Hakuficha. Anazinunua mjini na anamdunga mwenyewe, kwa sababu mbuzi wake huwa anawadunga. Akaniambia, "Mama Kirimi, dawa ya mwanaume lazima aisikie ikiingia. Hiyo ya polepole ni ya wazee. Na mambo ya nyumba ya kijana si ya jikoni."

Kwa hivyo anadungwa ile ya hospitali, na juu yake hii nyingine. Sasa uso umekuwa mwekundu, kichwa kinamuuma, amevimba miguu. Daktari alimpima akasema damu imekuwa nzito sana, inaweza kuganda. Akamuuliza kama kuna kitu kingine anatumia. Nilikuwa nimekaa kwa benchi pale mlangoni. Nikasikia Kirimi akisema hapana. Daktari akasema basi akirudi na damu ikiwa hivyo, itabidi asimamishe sindano. Hiyo iliyomtuliza ndiyo itasimamishwa, na ile ya Mutuma iendelee.

Tukiwa njiani nikajaribu. Nikamwambia, baba, mimi nimeona vichupa. Tulipofika kwa geti akanigeukia. Akasema, "Mama, ukiongea mambo ya mwili wangu na mtu yeyote, mimi nahama. Ni wewe ulichekwa, ama ni mimi?"

Mtu wa kupitia ni Mutuma, na Mutuma ndiye anadunga. Wazee wengine wa boma watauliza mimi nimejuaje.

Jana alitoka shambani akiimba. Ile sauti nzito niliyoiombea miaka yote. Nilisimama na sufuria mkononi nikajikuta naomba inyamaze kidogo.

Tunarudi kwa daktari wiki ijayo. Nikiinuka kwa hiyo benchi niseme, nitakuwa nimemvua nguo kijana aliyetahiriwa, na ninamjua, atahama. Nikikaa, naogopa damu yake. Wamama wenye vijana, na nyinyi vijana wenyewe mnaosoma hapa, niambieni. Niinuke?