Kaburi Lililotoka Mstarini

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya michoro hapa Maskati, sikupewa nyumba ya kuchora wala barabara. Mhandisi Mkuu, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, alinitandikia mezani ramani ya Taj Mahal na karatasi ya kunakilia. "Anza na hii. Ukiweza kuuweka upande wa kulia sawa na wa kushoto, utaweza yote." Mimi, kijana niliyetoka Unguja juzi, nikaona nadharauliwa. Nimekuja kujenga nchi, napewa kaburi la mke wa mfalme!

Lakini kazi ilinishika. Mfalme wa Kimughal, huko Uhindi, alimjengea mkewe aliyefariki katika uzazi. Chora mstari mmoja toka langoni hadi kaburini, na kila kilicho huku utakikuta na kule. Upande mmoja pana msikiti, na upande wa pili pacha wake, jengo lililowekwa hasa kuusawazisha. Bustani imegawanywa sehemu nne kwa mifereji, mfano wa mito ya Peponi. Minara imeinamishwa nje kidogo, ili ikianguka isiliangukie kuba. Na khati ya Qur'ani mlangoni huzidi ukubwa kadiri inavyopanda, ili msomaji aliye chini aione sawa yote. "Jicho ni dhaifu," alikuwa akisema Mhandisi Mkuu. "Lihurumie." Nyinyi vijana mnaochora kwa kompyuta, neno hilo bado linawahusu.

Baadaye nilihamishiwa Sib, pembeni mwa Maskati, kwenye nyumba za serikali, chini ya Mkurugenzi aliyefuta kila tao nililochora. "Seif, watu wanataka jiko na hewa." Alikuwa na haki, ingawa sikumpenda. Kisha Azaiba, kusimamia ujenzi wa msikiti, ndiko nilikowaona mafundi wakitia njumu: wanachimba marumaru, wanapachika vijiwe vya rangi, mpaka kidole kikipita hakijui vilipoungana. Jioni nilimhadithia mke wangu Zuwena, nikilinganisha kila kitu na Taj Mahal ambayo sijaiona. "Marehemu wa watu huyo," alinitania, "unamjua kuliko unavyonijua mimi."

Nilipostaafu, macho ya Zuwena yalikuwa yameanza kuingia giza, na daktari alisema hayatarudi. Nikaona ni sasa au basi. Binti yetu Nasra akatukatia tiketi, tukenda Agra, kwenye Taj Mahal yenyewe.

Tulichelewa. Zuwena aliona weupe tu. "Kama shuka iloanikwa," alisema. Nikaushika mkono wake, nikaupitisha ukutani juu ya maua ya njumu.

"Hapa pana ua?"

"Lipo."

"Mbona silipati?"

"Ndo ufundi wenyewe huo."

Nikaushusha mkono chini kidogo, palipochongwa maua ya kuinuka. Haya aliyapata, jani baada ya jani, akitabasamu. Mlinzi alituona tukigusa palipokatazwa, akageuza uso.

Ndani nilimweleza kwamba kaburi la mke liko katikati kabisa, juu ya ule mstari. La mume liliwekwa ubavuni mwake baadaye, tena kubwa zaidi, na hilo ndilo lililovunja ulinganifu. Makaburi haya ya juu ni alama tu. Wenyewe wamelala chini.

"Kumbe kaharibu mchoro wote apate kuwa karibu na mkewe?"

"Kaharibu."

"Kafanya vyema."

Tulipotoka tukakaa bustanini, kati ya watu tele. Zuwena akanigeukia.

"Baba Nasra, sisi kwetu hatujengewi. Mie n'tawekewa mawe matatu juu ya kaburi, yaso hata jina, na ndivyo nnavyotaka, wallahi. Basi kama una neno lako la kuniandikia, nambie sasa, nnakusikia."

Umri mzima nimeishi na rula na penseli, na maneno si fani yangu. Nilimwinamia sikioni nikamwambia nampenda, na kwamba nyumba yetu imesimama kwa ajili yake.

"Pandisha sauti, Seif," akasema. "Watu wengi hapa."

Mzee mzima mimi, na kofia yangu kichwani, nikasema tena kwa sauti, watu wakageuka.