Kungoja Kuitwa

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia mume wangu kwamba kwenye maonyesho ya saa watu hupatana bei.

Alikuwa amekaa jikoni anamenya chungwa, akaacha kisu hewani. "Bei maelewano? Huku Marekani?" Nikamwambia ndiyo, baba watoto, kule hakuna mashine ya kulipia, kuna mtu na meza yake, mnakaa mnazungumza. Akalimaliza chungwa lake polepole. "Basi mwaka huu tunakwenda wote," akasema, na mimi mjinga nikafurahi.

Lazima niseme huyu mume wangu alikuwa nani. Kariakoo alikuwa na duka la khanga na vitenge, jembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na wanawake walikuwa wakitoka Tandika na Mbagala kuja kubishana naye kwa raha tu. Mimi nilitangulia Marekani kwa bahati nasibu ya viza. Yeye akafunga duka akanifuata na watoto. Tukapanga ghorofani Riverdale Park. Mimi karani wa mapokezi kwa daktari mmoja wa meno, yeye mpakiaji wa masanduku kwenye ghala huko Beltsville. Ghalani hakuna wa kubishana naye. Madukani nako kila kitu kimebandikwa bei, hadi bamia. Miezi ya mwanzo alikuwa akimuuliza msichana wa kaunta, "Mwisho ngapi?" na msichana anaitazama mashine yake. Baadaye akaacha kuuliza, na alipoacha kuuliza akaacha na mengine, kama kupiga soga na kucheka kwa sauti. Liliniuma jambo hilo, maana mimi ndiye niliyemtoa dukani kwake.

Sasa mimi na saa. Sijaumbwa kutulia. Hata nikikaa kwenye kochi mguu mmoja uko njiani. Jumamosi nilikuwa nikizunguka mitaani ambako watu wanauza vitu vyao vya zamani mbele ya nyumba, natafuta saa za kutia ufunguo ambazo wenyewe walizichoka walipopata za betri. Nazisafisha, nauza mbili, nanunua moja iliyo bora. Rafiki yangu mmoja, muuguzi kutoka Nakuru, alikuwa akinisuta, "Uko na masaa yote hayo na bado unachelewa sherehe za watu, aki." Alikuwa na haki ya kusema.

Mwaka uliotangulia, kwenye maonyesho hayo hayo, niliona saa moja ndogo ya dhahabu. Usoni ina kidirisha, na ndani ya kidirisha mwezi unaandama, unakua, unakuwa mpevu, kisha unapungua mpaka unatoweka. Mimi nimekulia Tanga. Sisi ndio wale ambao kila Shaabani ikiisha tunapigiana simu kutoka Virginia mpaka Baltimore tukiulizana mwezi umeonekana wapi, na hatuelewani mpaka Idi ipite. Ile saa niliitaka kama mjamzito anavyotaka udongo. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiswisi anayekuja mara moja kwa mwaka na kurudi kwao. Nilisimama mezani kwake mpaka aibu ikaniondoa, sina hela. Mwaka mzima nikauza saa zangu, moja baada ya nyingine, karibu zote, ili niirudie hiyo moja. Kwa hiyo siku ile sikuwa nakwenda kutembea. Nisipoichukua siku ile, inapanda ndege na mzee wake na mimi nabaki mikono mitupu.

Maonyesho yalikuwa kwenye hoteli kubwa ya kando ya mto, kule Oxon Hill. Ni kipindi kile benki zilipokuwa zinawanyang'anya watu nyumba, na mtaani kwetu vibao vya nyumba zinazouzwa vilikuwa vingi kuliko magari. Mume wangu aliona hiyo ni neema. Alivaa suti aliyoolea, akashika usukani, na njia nzima akawa ananifunda.

"Mwaka wa njaa kila muuzaji anashuka. We niachie mimi. Usiishike kwanza. Uliza nyingine. Halafu itie kasoro. Na huo uso wako ufunge, umejaa tamaa."

"Na macho je?"

"Na macho yafunge. Tukiondoka usigeuke nyuma, mama watoto. Ukigeuka tu, umempa fimbo."

Ukumbini watu hawatazamani usoni, wanatazamana vifundo vya mikono. Mtu anakupa salamu huku macho yameshuka kwenye mkono wako, na akishaiona saa yako ndipo anaamua akuchangamkie kiasi gani. Mkono wangu ulikuwa mtupu, nilihisi kama nimetoka bila mtandio. Niliwapita wote. Nilikuwa naitafuta meza ya yule mzee kwa miguu inayotaka kukimbia, mume wangu akinivuta koti kwa nyuma, "Taratibu, taratibu." Nikaiona. Saa ipo, pale pale chini ya kioo. Nikapumua.

Mzee akasimama akampa mkono mume wangu. Mimi akaniinamishia kichwa tu. Nilimeza hilo, kwa kuwa si siku ya kugombana. Mume wangu akaulizia saa nyingine, kubwa ya chuma, akaisikiliza, akairudisha. Akaulizia ya pili. Kisha akaonyesha ile yangu kwa kidole kidogo, kama mtu anayeulizia kitambaa cha kudekia.

Mzee akaitoa, akaiweka juu ya kitambaa cha bluu. Akataja bei. Siitaji hapa kwa sababu mama yangu yu hai na anasoma. Kisha, kabla hatujasema neno, akaipunguza kidogo na kusema hiyo ndiyo ya mwisho.

"Ya mwisho ndiyo ya kwanza," mume wangu akaniambia kwa Kiswahili. "Mwambie ina mikwaruzo. Mwambie na huo mwezi umechujuka."

Mimi ni mkusanyaji. Saa ya umri ule kuwa na mikwaruzo yake ni heshima yake, na rangi ya mwezi ule ilikuwa haijaguswa na fundi, jambo adimu sana. Nikamwambia mzee kwamba mume wangu anauliza kama imewahi kufunguliwa. Mzee akafurahi, akaeleza kirefu. "Anasemaje?" "Anajitetea," nikasema. Mume wangu akatikisa kichwa, akavuta pumzi, akaunda Kiingereza chake mwenyewe na kutoa nusu ya bei.

Mzee hakukasirika wala hakucheka. Aliichukua saa kwa ncha za vidole, akairudisha chini ya kioo. "Asanteni kwa kupita," akasema.

"Umeona? Imemchoma," mume wangu akaninong'oneza. "Twende."

Tukaenda. Mwenzenu nilikuwa natembea lakini roho imebaki mezani. Kila sauti nyuma yangu niliidhani ni yake. Mume wangu alikuwa anatembea mwendo ambao sijauona tangu Kariakoo, mwendo wa mtu mwenye duka. Anasimama kwenye meza za watu, anasifia, anatania, anauliza bei ya vitu asivyovitaka. Kuna muuzaji mmoja alimchekesha mpaka yule mtu akamshika bega. Alinisimulia habari za mama mmoja wa Temeke aliyeondoka dukani kwake kwa maringo mpaka kituo cha basi, yeye akatuma mtu amkimbilie amwambie haya njoo chukua, na yule mama alipofika akakuta khanga zimeshakunjwa, kwa sababu wote wawili walijua tangu mwanzo kwamba ataitwa. Alikuwa anacheka. Nami nilikuwa nampenda na ninataka kumpiga.

"Huyu hatatuita," nikasema.

"Ataita. Subira yavuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Utaumwa matumbo, lakini utaumwa kwa bei nzuri."

Tukakaa penye kahawa, yeye akahakikisha nimeipa mgongo meza ya mzee. Kuna kabati la kioo mbele yangu, na ndani yake nikaona kivuli cha ukumbi nyuma. Nikamwona mtu mwenye kofia ya michezo ameinama kwenye ile meza. Nikamwona mzee anafungua kioo. Nikaweka kikombe chini, kahawa ikamwagika.

Hapo nilikuwa na mambo mawili tu. Nikiinuka kwenda kununua, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu siku ya kwanza anayosimama wima katika nchi hii. Nisipoinuka, saa inakwenda. Niliona uchungu, naye nilimwonea uchungu. Nikamwambia nakwenda msalani.

Nilizunguka kwa nyuma ya nguzo, nusu nakimbia. Mtu wa kofia alikuwa ameishika saa yangu mkononi, anaigeuza. Nikasimama karibu naye kuliko adabu inavyoruhusu. Akaiweka chini, akasema atakwenda kumwonyesha mkewe picha kisha arudi. Hajafika hatua ya tatu nikamwambia mzee, "Naichukua. Kwa bei yako ya mwisho."

Alinitazama kwa mshangao. "Nilidhani hamkuitaka. Mliondoka."

"Tulikuwa tunangoja utuite."

Hakuelewa. Nikamweleza, kwa haraka na vibaya, kwamba kwetu mnunuzi huondoka ili aitwe. Akanisikiliza huku amekunja uso. "Mtu akiondoka mezani kwangu simwiti," akasema. "Namheshimu. Amesema hapana."

Wakati ule wote tulipokuwa tunazunguka na moyo mdomoni, yule mzee alikuwa anatupa heshima. Nilitamani kucheka, machozi yakawa karibu zaidi. Nikatoa hundi, nikaandika pale pale, nikamsukumia chini ya kitambaa cha bluu.

"Ni yangu sasa?"

"Ni yako."

"Basi nina ombi. Yule bwana wa suti ya kahawia penye kahawa ni mume wangu. Naomba umwite."

"Nimwambie nini?"

"Mwite tu. Kwa sauti. Kama hutaki aende."

Mzee alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikohoa, akatazama kushoto na kulia, akainua mkono nusu akaushusha. Nikamwambia tafadhali. Akasimama wima na kuita, "Bwana! Bwana!" Sauti ikamkatika katikati. Watu wa meza za jirani wakageuka.

Mume wangu hakugeuka mara moja. Alimaliza kwanza kahawa yake. Akajifuta mdomo kwa karatasi, akafunga kifungo cha koti, ndipo akageuka, na akaja kwa mwendo wa mtu ambaye hana shida na chochote, akisimama njiani kutazama saa za watu. Sijawahi kumwona mwanamume mzuri kama yule. Alipofika akanikuta nimesimama pembeni kama niliyepita njia. "Umetufikiria?" akamuuliza mzee.

Akapandisha kidogo juu ya nusu. Mzee akatikisa kichwa. Nikaona mambo yameharibika. Lakini mzee akafungua mtoto wa meza, akatoa mkanda mpya wa ngozi nyeusi, akaulaza kando ya saa kama nyongeza. Hilo sikumfundisha mimi. Mume wangu akaukunja ule mkanda, akaunusa, akaniangalia, akamwangalia mzee.

"Haya," akasema. "Biashara haigombi." Wakapeana mikono kwa muda mrefu. Mimi nikaingiza mkono mkobani nikajifanya napekua, mzee akajifanya anapokea.

Garini yeye akashika usukani. Tulishika ile barabara ya kuzunguka jiji, magari mengi, jua linatuchoma kwa ubavu. Nilikuwa nimevaa saa, na badala ya kuitazama nilikuwa namtazama yeye, nimekaa ukingoni mwa kiti, nacheza na mkanda wa gari. Nilijua ananijua.

"Sikuona ukiandika hundi," akasema mwishowe.

Nikavuta mkono wa koti nikaifunika saa.

"Na yule mzee hajui kuita. Mimi nimeita wateja ujana wangu wote, mama watoto. Sauti ya mtu anayeogopa mteja asimpotee naijua. Ile ilikuwa sauti ya mtu aliyetumwa."

"Ulijua tangu pale?"

"Nilijua kabla sijageuka."

"Mbona ulikuja?"

Akawasha taa ya kuonyesha tunahamia upande wa pili, akatazama kioo, akahamia.

"Tangu nifike nchi hii," akasema, "ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita nirudi."