Nilee Mimi, Atambe Naye Mume Wangu

Jua halijapanda juu ya ukuta wa nyuma, na mabanda ya mbwa ya kampuni moja ya ulinzi tayari yana kelele za soko. Mlezi wa mbwa hawa, Mama Vitoto, anapita katikati yake na ndoo ya chakula kilicholowekwa, akigawa vikofi vidogo na matusi ya mapenzi.

"Wewe mlafi, subiri! Mwenzako hajala. Nani kakwambia mdomo wako peke yake ndio una njaa?"

Sakafu imetoka kuoshwa, maji yanatiririka hadi mferejini, na mlezi huyu amevaa ndala. Vidole vimelowa. Kila anayeingia anamtazama miguuni kwanza, kwa sababu katika miaka tisa ya kazi hakuna aliyewahi kumwona hapa bila mabuti yake meusi ya mpira.

"Leo yamebaki nyumbani, nyuma ya mlango," anasema. "Nina sababu zangu."

Sababu yenyewe imesimama kwenye banda la mwisho, miguu ya mbele juu ya wavu, na inalia bila aibu. Ni mbwa dume anayeitwa Kiduchu. Ana kilo thelathini na nane na kifua kama pipa. Ametimiza mwaka na nusu, na leo anakabidhiwa askari atakayefanya naye kazi mpaka uzeeni. Askari huyo wanamwita Kamanda, ingawa jeshi amelionea kwenye televisheni tu. Ni mume wa Mama Vitoto.

"Andika hivyo hivyo," anamwambia mwandishi wa makala haya, bila kupunguza sauti. "Nalea mimi, anatamba naye yeye. Nina wivu. Nina wivu mpaka chakula hakishuki."

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, wanasema wahenga, lakini hawakusema malezi yanalipwaje. Hapa mlezi hupata theluthi mbili ya mshahara wa askari wa mbwa. Askari ana kofia, ana filimbi, na picha yake na mbwa iko kwenye kalenda ya kampuni. Mlezi ana ndoo.

Hata hivyo, si hela inayomuuma mama huyu. Kinachomuuma ni kanuni. Mbwa akishakabidhiwa, mlezi haruhusiwi kumwita, kumlisha wala kumgusa. Akipita na askari wake, mlezi anatakiwa ajifiche nyuma ya stoo, ili mbwa ajue sasa mkubwa wake ni mmoja.

"Niliwahi kumkuta mmoja mtaani, kwenye geti la benki," anasimulia. "Alininusa kwa mbali, mkia ukaanza. Yule askari akavuta mnyororo, akaniambia, 'Mama, sogea, huyu ni mkali.' Mkali? Huyo mimi ndiye niliyemfundisha kunywa maji kwenye sahani! Nikasogea. Ningefanyaje?"

Wengine wote alimeza mate akawaacha waende. Kiduchu ni habari nyingine.

Alizaliwa wa mwisho, mtoto wa nane kwa mama aliyekwisha kuchoka. Ndugu zake walimsukuma kila alipotafuta chuchu. Msimamizi wa mabanda, mtu mpole lakini mwenye haraka, alimtazama akatikisa kichwa, akasema huyu hafiki popote. Mama Vitoto akavua buti la kulia, akalitandika kitambaa, akamlaza humo apate joto. Kila mara ndugu zake waliposhiba, alimtoa akampeleka kwa mama yake anyonye peke yake.

"Macho aliyafumbulia ndani ya buti langu," anasema. "Kitu cha kwanza kukiona duniani ni soli."

Tangu hapo buti likawa kipimo. Wakati wa kuachishwa ziwa, alikuwa haingii tena, akawa anaegemeza kidevu kwenye ukingo wake. Miezi minne, meno ya utoto yakaanza kudondoka, sikio moja likasimama na lingine likalala, akawa kichekesho cha banda zima. Miezi minane akawa miguu tu mwili mzima, akikata kona mbio anaanguka kama meza iliyofungwa vibaya. Kila alipotaka kumlisha, Mama Vitoto aligonga kisigino chini mara mbili, pu, pu, na yule mtoto akaja mbio kukalia buti.

Anakuja hadi leo. Anakaa juu ya mguu wa mlezi wake na kilo zake zote thelathini na nane, anatulia kabisa.

"Hajui kama amekua," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti inalainika. "Nani wa kumwambia?"

Kukua huko kuliwagombanisha yeye na mumewe. Kamanda alipoambiwa mbwa huyo atakuwa wake, akaanza kuleta maziwa, mabaki ya nyama na unga wa mifupa, ili ajaze mwili haraka. Mama Vitoto alimfuma akimlisha kupitia kwenye wavu.

"Nilimwambia, baba watoto, haraka haraka haina baraka. Ukubwa wa huyu alishaupata kwa baba na mama yake, wewe unaongeza nini hapo? Mbwa mdogo wa ndani anamaliza kukua hata mwaka haujaisha. Huyu wa mwili mkubwa anapanda kwanza, halafu ndipo anajaa kifua taratibu. Mwili ukitangulia mifupa, miguu inapinda. Akanuna. Tukakaa wiki nzima tunaongea kwa kupitia watoto. 'Mwambie baba yako chumvi hiyo hapo.'"

Kamanda hakatai. "Mke wangu ana mdomo, lakini miguu ya mbwa yule imenyooka kama rula. Namshukuru sana," anasema, kisha anaweka kofia sawa. "Ila mbwa ni wangu. Mwenye wivu ajinyonge."

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Wifi yake Mama Vitoto, fundi cherehani aliyepanga chumba cha pili, anacheka hadi anaweka mkasi chini. "Majirani walidhani kaka yangu kaoa mke mwingine. Jioni wanamsikia wifi, 'Umenichukulia, halafu unakuja kunisimulia alivyokutazama!' Nikawaambia, jamani, tulieni, ni mbwa."

Mwezi uliopita Mama Vitoto alivaa nguo zake nzuri, akaenda ofisini kwa msimamizi. Aliomba mambo mawili: apewe mafunzo ya askari wa mbwa, na Kiduchu awe wake. Msimamizi alimsikiliza vizuri, kisha akamjibu, "Mlezi kama wewe hapatikani. Nikikutoa bandani nitabaki na nani?"

"Kumbe kosa langu ni kuifanya kazi vizuri!" anasema Mama Vitoto, akitua ndoo kwa kishindo. "Ningekuwa mvivu, leo ningekuwa kwenye kalenda."

Mlango mmoja tu ulibaki wazi. Siku ya makabidhiano mlezi humleta mbwa uwanjani, humfungua kamba, kisha hugeukia ukuta kabla askari hajaingia. Askari humwita. Mbwa akimkataa mara mbili, hutafutiwa mtu mwingine. Na nani angemfaa Kiduchu kuliko yule ambaye akigonga kisigino tu, mbwa anakuja?

Ndiyo maana leo amevaa ndala.

"Nikiyavaa yale mabuti, mguu utagonga wenyewe. Najijua," anasema. "Na mbwa aliyemkataa askari anaitwa mkaidi maisha yake yote. Wivu ni wangu, siyo wake. Siwezi kumchafulia mwanangu jina."

Uwanjani wamekusanyika wafanyakazi wote wa mabandani. Mama Vitoto anamleta Kiduchu, anamfungua, anamshika kichwa kidogo, kisha anageuka. Mbele yake ni ukuta uliopigwa chokaa. Nyuma yake, upande wa pili wa uwanja, geti linafunguka na Kamanda anaita kwa sauti yake ya gwaride.

Kiduchu haendi. Anamzunguka mlezi wake, ananusa ndala, anatafuta kitu ambacho hakipo. Mama Vitoto amekunja ngumi, kucha zinamwingia viganjani.

"Mara ya kwanza," anasema msimamizi.

Hapo ndipo inasikika sauti ya mpira ukipiga ardhi. Pu, pu.

Miguu minne inaondoka mbio. Mama Vitoto anageuka kabla ya kuruhusiwa. Kule mwisho wa uwanja amesimama mumewe, suruali ya sare imechomekwa ndani ya mabuti meusi ya mpira ambayo hayamtoshi, visigino vimekwama nusu. Kiduchu ameshakaa juu ya mguu wa kulia, ametulia kabisa.

"Mwizi!" anapiga ukelele Mama Vitoto. "Mwizi mkubwa wewe! Mabuti yangu!"

Uwanja mzima unaangua kicheko. Yeye hacheki, machozi yanamtoka. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa miguuni kabisa.

Kamanda anachechemea hadi kwa msimamizi, mbwa ubavuni. Kofia ameivua.

"Bosi, tusidanganyane," anasema, watu wote wakisikia. "Huyu hakuja kwangu. Nimemwita kwa koo langu, hakunitazama hata usoni. Amekuja kwa mabuti ya mke wangu. Aliyaacha nyumbani makusudi ili asiniharibie. Mpe mafunzo huyu mama. Akibaki na ndoo tu, mimi naona aibu kuvaa filimbi."

Msimamizi anajikuna kidevu. Uamuzi wake unakuja papo hapo: Kiduchu ameitikia, basi aende na Kamanda. Lakini katika uzao ujao Mama Vitoto atachagua mtoto mmoja, atamlea mwenyewe, atafunzwa pamoja naye, na atamwongoza yeye. Mlezi mwingine atatafutwa.

Watu wanapiga makofi. Mama Vitoto anafuta uso kwa kanga.

"Amenisemea, nimesikia, nimeshukuru," anasema. "Lakini kaondoka na nani? Na mbwa wangu. Tena kwa mabuti yangu!"

Mwandishi wa makala haya alirudi mabandani wiki chache baadaye. Uzao mpya umefika, na ndani ya buti la kushoto amelala mtoto wa kike wa rangi ya udongo, macho bado yamefumba.

Kamanda alipita nje ya wavu na Kiduchu. Mama Vitoto aliingia nyuma ya stoo, kama kanuni inavyotaka, akachungulia kwenye ufa. Kiduchu alisimama, akanusa hewa, kisha akamfuata askari wake. Mlezi alikaa kule muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa anasonya.

"Mkanda wa shingoni umembana. Mwambie mume wangu alegeze tundu moja. Bado anajaa yule, haoni?"

Ana mwaka na nusu wa kusubiri mpaka mtoto wa kwenye buti afikie umbo lake la utu uzima. Hilo halimtishi. Anapanga siku hiyo asimame yeye upande wa pili wa uwanja, akiwa na filimbi shingoni, na pasiwepo mtu wa kugeukia ukuta.

Na mume je, hataiba tena?

"Hana sababu," anasema, akimfunika mtoto kwa kitambaa. "Nimemnunulia mabuti yake, meusi vilevile, namba ya mguu wake. Alifurahi, maskini, akanishukuru mbele ya wifi."

Anainama, analisogeza buti karibu na ukuta, mbali na upepo.

"Lakini yale yananuka duka. Hakuna kitoto kitakachoyafuata."