Kurasa Zilizokunjwa za Baba Mdogo

Baba mdogo ana vitabu saba, na vyote saba ni vya barafu. Kimoja ni cha wawindaji wa sili wanaojenga nyumba kwa matofali ya theluji. Kingine ni cha meli iliyonaswa kwenye bahari iliyoganda mpaka mabaharia wakachemsha viatu vyao wakala. Kipo cha wachungaji wa kulungu wa theluji, kipo cha daktari wa kijiji ambako jua linapotea miezi miwili kama limefukuzwa, kipo cha wapanda milima. Viwili vilivyobaki ni vya lugha ya kigeni, na mimi nilivisoma kwa kupigana mieleka na kamusi.

Mtaani kwetu barafu ni ile ya kwenye glasi. Theluji tumeiona kwenye televisheni. Kwa hiyo mtu mzima mwenye mke na mapacha wa miaka minne akirudi kazini, akaoga, kisha akakaa uani kwenye kiti cha plastiki kusoma jinsi ya kuvuka ziwa lililoganda, lazima ajadiliwe. Muuza vitabu wa pale kona ndiye anayemwekea. Akipata chenye mlima mweupe kwenye jalada anakificha chini ya meza na kusema, "Hiki cha mteja wangu wa barafu."

Mimi naishi kwao kwa sababu shule yangu iko karibu, na nilikuwa nadhani nimeshaelewa. Baba mdogo anafanya kazi kwenye ghala la baridi, lile la kuhifadhi kuku na samaki kwenye makatoni, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Yumo mle mwaka wa kumi na nne. Wenzake wanamwita Friji. Nikajisemea, dereva husoma magazeti ya magari, basi Friji naye asome barafu. Nikaridhika.

Jumamosi moja mchana mama mdogo akaniita chumba cha mbele. Yeye ni mshonaji, na cherehani yake huwa hainyamazi, kiasi kwamba ikinyamaza unapata hofu. Siku hiyo ilikuwa imenyamaza.

"Funga mlango. Kaa. Wewe si ndiye msomi wa nyumba hii?"

"Nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu. Baba yako mdogo anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Hicho ndicho nimekuitia."

Akavuta kutoka chini ya kitanda koti zito la bluu, lenye kofia na manyoya shingoni. Likatua sakafuni kama mtu. Halafu akanipa karatasi aliyoikuta ndani ya kitabu, mwandiko wa baba mdogo kabisa, ule wa herufi zilizolala: *Soksi pea mbili. Viatu visibane. Glavu za sufu ndani, za ngozi nje. Usikae karibu na moto. Maji ya uvuguvugu.*

"Hiyo ni orodha ya mtu anayekwenda sokoni?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Miezi minane sasa. Nikimsemesha, ndiyo, hapana. Mapacha wakimrukia anawakwepa. Mtu akianza kuzoea kuwa mbali na watoto wake, ujue ameshapata tiketi. Nataka uvisome vyote uniambie ni nchi gani. Mimi nikivishika atanishtukia. Wewe atadhani ni masomo."

Nikaanza siku hiyohiyo. Nilipomwomba kile cha meli baba mdogo alifurahi mpaka nikaona haya. "Hicho kitakutesa," akasema, "lakini soma."

Wiki nzima nilikuwa na baridi kichwani. Nilijifunza kwamba theluji ikianguka kwa wingi inameza sauti. Kwamba kuna watu hufunga kamba kutoka mlangoni hadi zizini, maana ukipotea hatua kumi unakufa ukiwa uani kwako. Kwamba maji ya chumvi nayo huganda, jambo ambalo nilimbishia mwalimu wa sayansi mwaka juzi kwa kelele nyingi. Ila nchi, hapana. Kila kitabu na kwake.

Alhamisi nikaripoti.

"Mama, hawezi kwenda kote huko. Hivi vitabu havikai bara moja."

"Nitajie mojawapo."

"Kimoja ni chini kabisa, kwenye ncha ya dunia. Hakuna mji. Wenyeji wake ni ndege wasioruka."

"Wanawake wapo?"

"Hawapo."

"Basi huko siko. Endelea."

"Kingine ni milimani. Wapandaji sita, watatu wakarudi."

"Wote wanaume?"

"Wote."

Akakuna kichwa kwa mkasi. "Huyu mwanamume ananichanganya. Anakimbia nyumba nzuri ili akale viatu?"

Nami nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko yeye, kwa sababu mimi nilivipenda vile vitabu na hapohapo nilikuwa jasusi ndani yake.

Ijumaa niliona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Baba mdogo hukunja ncha ya ukurasa. Nilidhani anaweka alama alipofikia. Lakini vitabu vyote ameshavimaliza, na kurasa zilizokunjwa ziko mbili hapa, tatu kule. Nikavitandika vyote kitandani nikasoma kurasa hizo tu, moja baada ya nyingine. Kwenye meli, ni pale mpishi anaposhindwa kufungua vifungo vya shati. Kwenye milima, ni yule kijana anayejigonga vidole kwenye jiwe na kucheka kwamba haviumi. Kwa daktari wa kijiji, ni ukurasa mzima kuhusu mkono uliokufa ganzi. Vitabu saba, kurasa kumi na sita, na zote ni vidole. Hakuna safari hata moja.

Nikaitazama tena ile orodha. Usikae karibu na moto. Maji ya uvuguvugu. Ilikuwa karatasi ileile na sasa ilikuwa inasema neno jingine kabisa.

Jumatatu nikitoka shule nikapitia ghalani. Mlinzi ananijua, akaniacha nisimame kwenye chumba cha kupumzikia, chenye benchi, birika na dirisha dogo la kioo linalotazama ndani. Utaratibu wao ni dakika ishirini ndani, kumi nje. Kengele ikilia wote wanatoka mbio, wamevimba kwa makoti, mvuke ukiwafuata kupitia yale mapazia ya plastiki. Ililia. Wakatoka wanne wakipuliza viganja.

"Baba yangu mdogo yuko wapi?"

"Friji?" mmoja akacheka. "Yule hatoki kengele ya kwanza. Yule ni kuku wa katoni, tutamuuza na wengine."

Nikachungulia kiooni. Alikuwa peke yake mbele ya rundo la makatoni, anabandika lebo. Lebo zile zinakuja zimeshikana na karatasi ya nyuma, na kwa glavu huwezi kuzibandua. Kwa hiyo alikuwa amevua glavu, ameziweka kwapani. Wenzake, niliambiwa baadaye, huvua, hubandua tano sita, huvaa haraka wakitukana. Yeye aliendelea tu. Taratibu, kama mtu anayemenya machungwa kivulini.

Alipotoka akaniona, akarudisha glavu upesi.

"Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Baba, naomba mikono yako."

"Mikono yangu ya nini?"

"Nimesoma kurasa zako."

Alingoja wenzake warudi ndani. Kisha akavua glavu mwenyewe. Vidole vilikuwa na weupe usio wa ngozi, kama nta ya mshumaa, na kimoja kilikuwa na alama ya kuungua ambayo hakujua aliipata wapi.

"Toka lini?"

"Mwaka jana mwishoni. Kwanza viwili. Sasa sita." Akavikunja na kuvikunjua akivitazama, kama anahakikisha vinamtii. "Nilitaka kujua kama hisia inarudi. Sisi hapa nani nimuulize? Nikasema wenye baridi yao watakuwa wameandika. Daktari wa kijiji anasema inarudi. Wa milimani wanasema unakatwa. Kile cha meli hakisemi. Kinawaacha tu wale watu."

"Si ungeenda kwa daktari wa kazini?"

"Nikienda leo, kesho natolewa humu. Nikatolewe niwe nani? Mimi kazi ninayoijua ni hii." Akainama mpaka usawa wa uso wangu. "Mama yako mdogo asijue. Ataniombea ruhusa ya kuacha kazi hata kabla hajavaa viatu."

"Lakini anadhani unaondoka."

"Naondoka wapi?"

"Amekuta koti."

"Koti langu la kazi lile, huwa halitoki humu ghalani, sasa naazima la wenzangu! Zipu nimeivunja kwa vidole hivi visivyohisi, nilitaka kumpa anishonee nikaogopa ataniuliza nimeivunjaje." Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na sikujua tunacheka nini.

Njia nzima nilijiuliza nimtii nani. Nikisema, namsaliti. Nisiposema, mama mdogo anaendelea kulia kwa ajili ya nchi isiyokuwepo, na vidole sita vinakuwa kumi. Vitabu vilikuwa havijaniambia chochote kuhusu hilo. Nilipofika mlangoni cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama.

"Umeipata nchi?"

"Haendi popote, mama. Akirudi, mwangalie mikono."

 Akaichukua ile karatasi ya soksi na glavu, akaisoma upya.

Baba mdogo aliporudi, jua likiwa bado uani, akakuta amewekewa kiti mkabala na cherehani. Akanitupia jicho. Nikatazama dari.

"Fumba macho," mama mdogo akasema.

"Mama Mapacha, nimechoka, acha mambo ya—"

"Fumba macho, Baba Mapacha. Nipe mkono."

Akachomoa sindano kwenye kile kijimto cha kitambaa anachokivaa kifundoni mwa mkono. Akaishika hewani, mbali kabisa na kidole.

"Unahisi?"

"Nahisi."

"Hapa je?"

"Nahisi, nahisi. Polepole basi, unaniumiza."

"Sijakugusa bado."

Alifumbua macho. Ndipo akamchoma kwa kweli, kidole cha shahada, tone dogo la damu likatoka, na baba mdogo akalitazama lile tone kama la mtu mwingine. Mama mdogo akacheka. Kisha akalia. Kisha akamrushia futi ya kupimia, kisha mkebe wa vifungo, na vifungo vikasambaa chumba kizima, mapacha wakaingia wakishangilia kuviokota. Nilidhani atafurahi kwamba haachwi. Nilikosea.

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa daktari wa kazini. Alitolewa ghalani siku hiyohiyo, kama alivyosema. Vidole viwili daktari ana matumaini navyo. Vinne amesema wasubiri, na alipoulizwa wasubiri mpaka lini akasema hajui, mwaka, labda zaidi. Sasa baba mdogo anafungua lango la malori. Anarudi amelowa jasho, analalamika joto, na wapya wanaomkuta pale hawajui kwa nini anaitwa Friji.

Mama mdogo bado amemkasirikia, kuliko alipodhani anaondoka. Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza. Alikuwa anashona zipu mpya kwenye lile koti ambalo halina kazi tena.

"Angeondoka, ningejua nimeachwa," akasema. "Huyu alikuwa ananishika mkono miezi minane na hanishiki."

Nimelifikiria hilo jibu siku nyingi. Mara linaeleweka, mara halieleweki.

Jioni baba mdogo anakaa uani na kitabu, kile cha wachungaji wa kulungu, anasoma kurasa ambazo hakuzikunja. Mama mdogo anamletea chai. Hampi moja kwa moja. Anashika kikombe kwa viganja vyote viwili, anapima moto wake, anahesabu kimoyomoyo.

"Tayari?" baba mdogo anauliza, mkono umenyooka.

"Bado. Ngoja kwanza."