Lifanyiwe Maombi Kwanza

Katibu wa kanisa hapa Elburgon hafungui kitabu cha kumbukumbu kabla ya kulamba kidole gumba, na kila akimaliza sentensi hurudisha kifuniko cha kalamu, utadhani maneno yatatoroka. Kwa miaka arobaini kitabu hicho hakijalala kwingine ila kwake. Kwa hivyo siku ya kikao cha “Tulikotoka, Tuendako” ni yeye aliyesimama kuwasomea waumini makosa ya zamani. Akasoma kwa ile sauti yake ya puani kwamba mwaka wa themanini na tatu vijana waliomba gitaa, na wazee wakaamua, “Jambo hilo lifanyiwe maombi kwanza.” Watu wakacheka. Katibu alicheka kuwashinda wote, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai. Gitaa liliombewa mpaka waliolitaka wakachoka, wakajenga kanisa lao ng'ambo ya barabara, ambalo siku hizi hujaa hadi nje. “Tumejifunza,” akasema, na moyoni aliona kweli amejifunza.

Hapo Kui wa kwaya akainuka. “Mzee katibu, sisi vijana tunaomba ngoma za kisasa. Wenzetu wengine washaanza kuvuka barabara.”

Katibu akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya, akaandika huku akijisomea polepole: “Jambo hilo lifanyiwe maombi kwanza.”

Mama Mugure wa benchi la mbele, ambaye siku hizi hasikii vizuri, akatega sikio. “Katibu, hiyo ni ya leo ama bado unasoma ile ya zamani?”