Mionzi Aliyonyimwa Mama

Hadi leo nikimkumbuka baba mkubwa, hasira hunipanda.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, sabuni ilikuwa haipatikani, na tulikuwa tumeshazoea kijiji cha Ujamaa tulichohamishiwa karibu na Mgori. Mama, aliyekuwa mjane, akaota uvimbe kwenye titi. Baba mkubwa akampeleka hospitali Singida mjini, wakamfanyia upasuaji na kuliondoa titi lote. Aliporudi tuliambiwa amepona.

Miezi ikapita. Kovu likafumuka, likawa kidonda. Safari hii nilimpeleka mimi, baba mkubwa akatufuata. Daktari alifungua bandeji, kisha akauliza, "Mama, mbona hukwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi?"

"Mionzi gani?"

"Hii ni saratani. Kisu peke yake hakitoshi. Siku hizi kuna mashine inayochoma mabaki yake. Nilimweleza shemeji yako, tuwaandalie safari."

Tukamgeukia baba mkubwa. Alikuwa anatazama dirishani.

"Niliona ni kumsumbua," akasema. "Mtu mzima, treni, halafu akachomwe na umeme? Nikaona apumzike."

Mama akasema taratibu, "Siku ile nilikuwa nimekaa hapo nje kwenye benchi, shemeji. Masikio yangu yalikuwa mazima. Si ungeniuliza?"

Nilimtukana baba mkubwa palepale, kwa Kinyaturu, matusi ambayo mtoto hamtukani mzazi. Na yule daktari! Kwa nini alimweleza mwanamume, mwenye mwili akiwa nje ya mlango?

Tulipanda treni Itigi. Kule Dar, mama alikuwa akilazwa chini ya mashine kubwa, sisi tukitolewa nje. "Haiumi hata kidogo," aliniambia siku ya kwanza, akishangaa. Kidonda kikakauka, akaanza kupata usingizi. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye ini. Tulirudi nyumbani, akawahi kula mtama wa msimu mmoja tu.

Msibani baba mkubwa alisimama, akasema familia ilifanya kila ililoweza.

"Muongo!" nilisema.

Shangazi akanivuta kanga niketi. Sikuketi. Nilieleza yote, habari ya benchi na mashine, wanaume kwa wanawake wakisikia. Baba mkubwa akachukua fimbo yake, akaondoka kabla ya chakula.